Miguu ya Mbele ya Pikapu: Namna ya Kuitunza, Kuirekebisha na Kuifundishia

Vyuo vingi vya ualimu vina pikapu moja iliyozeeka. Ndiyo iletayo mahindi na kuni, ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali, na msimu wa mazoezi ya kufundisha unapofika ndiyo iwagawayo wanachuo katika shule za jirani pamoja na vitanda, ndoo na zana zao za kufundishia. Wote huipanda, lakini ni wachache waliowahi kuinama na kutazama vile vyuma vilivyo nyuma ya magurudumu ya mbele. Katika makala haya tunakusudia kueleza vyuma hivyo hufanya kazi gani, huchunguzwa na kurekebishwa vipi, na mwalimu wa shule ya msingi aweza kuchota nini humo kwa ajili ya masomo ya sayansi na hisabati katika madarasa ya juu.

Yafaa tuseme mapema kilichotusukuma kuandika. Asubuhi moja, katika chuo tulichokuwa tukifundisha, pikapu yetu ilikuwa imebeba wanachuo wanane kwenda shule za mazoezi. Ilipokuwa ikipanda polepole kutoka katika kivuko cha mto mkavu, boljointi ya chini ya upande wa kushoto ilichomoka, gurudumu likalala chini ya madigadi, na gari likapiga pua ardhini. Mwanachuo mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Kama jambo hilo lingetokea kilomita mbili mbele, kwenye mteremko wa lami, tusingekuwa na moyo wa kuandika makala ya mbinu za kufundisha. Wiki mbili kabla ya siku ile dereva alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mguu wa kushoto unagonga. Sisi ndio tuliojibu kwamba mazoezi ya kufundisha hayawezi kungoja. Wakati huo huo, darasani, tulikuwa tukiwafundisha wanachuo hao hao mada ya mashine rahisi kwa kuchora pembea ubaoni. Tulijua nyenzo za daraja la kwanza, la pili na la tatu, ila hatukujua kwamba nyenzo moja ilikuwa ikituomba msaada uani.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 720, mojawapo ya pikapu zilizotengenezwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, kabla kampuni ya Nissan haijaliondoa jina la Datsun katika magari yake. Maelezo yetu yatafuata gari hilo. Mwenye Land Rover ya zamani atakuta mbele mna ekseli moja nzima iliyolalia springi za majani, na mwenye Peugeot 404 atakuta springi ya kuzunguka iliyosimama pamoja na shokomzoba katika nguzo moja. Mambo ya kuchunguza ni mamoja kwa sehemu kubwa, ijapokuwa umbo ni tofauti.

Jinsi mguu ulivyoundwa

Kila gurudumu la mbele la pikapu hii limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mwingine chini. Ncha ya ndani ya kila mkono imefungwa kwenye chasisi kwa bawaba yenye bushi za mpira, hivyo kwamba mkono waweza kupanda na kushuka kama mlango uliolazwa. Ncha ya nje ina boljointi, yaani tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja ulivyokaa katika nyonga. Boljointi mbili hizo, ya juu na ya chini, hushika nguzo ya gurudumu baina yao. Kwa kuwa tufe huzunguka kila upande, nguzo hupanda na kushuka pamoja na mikono, na papo hapo hugeuka kulia na kushoto dereva anapozungusha usukani.

Mkono wa juu ni mfupi kuliko wa chini. Si kwa sababu nafasi haikutosha. Kama mikono ingelingana urefu, gurudumu lingelala pamoja na bodi ya gari inapolala upande katika kona, na hivyo tairi lingekanyaga kwa ukingo mmoja. Tofauti ya urefu hulifanya gurudumu liiname kidogo kadiri linavyopanda, na mkanyago wake ukabaki karibu na bapa. Wanachuo waweza kuliona jambo hili kwa vipande vinne vya kadi ngumu vilivyounganishwa kwa pini. Hatujui zana nyingine ya dakika kumi inayoeleza zaidi ya hiyo.

Sasa, ni kitu gani kinachobeba uzito? Atafutaye springi hapa hataiona. Ataona badala yake chuma kirefu cha mviringo kilicholala kufuata urefu wa gari, kimoja kila upande. Tutakiita chuma cha msokoto. Ncha yake ya mbele imeshikamana na mkono wa chini, na ncha ya nyuma imefungwa kwenye mwamba wa chasisi kwa kijimkono kifupi na bolti moja ndefu. Gurudumu linapopanda juu ya jiwe, mkono wa chini hugeuka na kukisokota chuma. Chuma, kwa kuwa kinapenda kurudi katika hali yake, huusukuma mkono chini tena. Hiyo ndiyo springi ya gari hili. Tungeweza kusema kwamba springi ya kawaida ya kuzunguka ni chuma kile kile kilichoviringishwa ili kiingie mahali padogo, kwa maana waya wa springi hiyo nao husokoteka inapobanwa.

Shokomzoba haibebi uzito. Kazi yake ni kuutuliza mruko kwa kuyapitisha mafuta katika matundu madogo, ili gari lisiendelee kucheza baada ya shimo moja. Imeshikizwa kwenye mkono wa chini, kati ya bawaba na gurudumu. Ukiichukulia shokomzoba kuwa mzigo na gurudumu kuwa jitihada, umeipata nyenzo ya daraja la pili bila kuchora toroli hata moja. Kuna pia chuma cha mvuto kinachouzuia mkono wa chini usirudi nyuma wakati wa kufunga breki, na kuna tairodi, ambazo huunganisha mashine ya usukani na nguzo za magurudumu.

Spoku ya baiskeli

Kabla hatujaingia chini ya gari, tueleze jaribio lililotufaa kuliko yote. Chukua spoku moja ya baiskeli iliyonyooka. Ikunje sehemu ya mwisho, kama sentimita 8, iwe pembe mraba; hiyo ndiyo mkono wa gurudumu. Ilaze sehemu iliyobaki juu ya ubao, ubane ncha ya pili kwa misumari iliyopindwa juu yake ili isiweze kuzunguka hata kidogo, ukiacha sentimita 20 huru. Karibu na kona weka misumari miwili ya kuishika spoku isinyanyuke, lakini iache izunguke. Mkono utokeze nje ya ukingo wa ubao, ukiwa umelala sawa. Tundika kikopo chepesi kwenye ncha ya mkono, kisha mimina maji mililita 100 kwa mara, ukipima kwa rula ncha imeshuka kiasi gani.

Kwa spoku ya unene wa milimita 2, ncha hushuka kama sentimita moja kwa kila mililita 100 za mwanzo. Ukiyamwaga maji, mkono hurudi ulipokuwa. Wanafunzi wachore grafu, nayo itakaribia kuwa mstari ulionyooka. Kisha mwalimu awape spoku nene kidogo, ya milimita 2.3, na awaache wakisie. Wengi husema itashuka pungufu kidogo tu. Kumbe nguvu ya chuma dhidi ya kusokotwa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne: ukiongeza unene maradufu, ugumu huongezeka mara 16. Hata tofauti ile ndogo ya milimita 0.3 huongeza ugumu kwa karibu robo tatu. Ukirefusha chuma maradufu, ugumu hupungua nusu. Mambo haya mawili, unene na urefu, pamoja na aina ya chuma, ndiyo yanayoamua ugumu wote. Tunaomba msomaji ayakumbuke, kwa sababu tutayahitaji tutakapofika kwenye ile bolti ndefu.

Uchunguzi

Fundi mzuri huanza na tairi, wala hagusi spana. Kwanza hupima upepo, kwa maana tairi lenye upepo pungufu laweza kuiga karibu kila ugonjwa wa miguu ya mbele. Kisha huusoma uso wa tairi. Likilika kingo zote mbili na katikati pakabaki, upepo umekuwa ukipungua siku nyingi. Likilika katikati peke yake, umezidi. Likilika ukingo mmoja, gurudumu limeinama au halielekei mbele sawasawa. Likilika kwa mabaka mabaka, shokomzoba imechoka au kuna kitu kinachocheza. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje: yakiwa laini upande mmoja na makali upande wa pili, gurudumu limekuwa likiburutwa kando badala ya kuviringika. Tairi la kushoto la pikapu yetu lilikuwa limelika ukingo wa ndani hadi nyuzi zikaonekana. Tulilipita kila asubuhi tukienda kunywa chai.

Baada ya tairi, sukuma kona ya mbele ya gari chini kwa nguvu mara tatu, kisha uache. Yapasa ipande, ishuke kidogo na kutulia. Ikiendelea kuyumba kama mtumbwi, shokomzoba haifai tena. Na ikiwa mafuta yametiririka juu ya mwili wake, huhitaji ushahidi mwingine.

Sasa ndipo jeki. Gari liwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono imekazwa, magurudumu ya nyuma yamewekewa vigingi mbele na nyuma. Jeki hunyanyua tu, haishiki. Kabla ya mkono wa mtu kuingia chini, chasisi iwe imelalia stendi za chuma au magogo mapana yasiyoweza kubiringika. Matofali hupasuka bila onyo, yasitumiwe kamwe.

Kuchunguza boljointi kuna siri yake. Maadamu chuma cha msokoto kinausukuma mkono wa chini, boljointi imebanwa, na hata iliyolika kabisa huonekana imara. Ndiyo sababu mtu aliyeinyanyua chasisi na kuyaacha magurudumu yakining'inia aweza kutikisa mchana kutwa asione kasoro. Katika gari ambalo springi yake inausukuma mkono wa chini, kama hili, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, mpaka tairi liachane na ardhi kidogo. Hapo jeki ndiyo inayobeba nguvu ya chuma, na boljointi inakuwa huru kusema ukweli. Shika tairi juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, kosa ni la beringi za habu, kwa sababu breki imeifunga habu na nguzo kuwa kitu kimoja. Ukibaki, kosa ni la boljointi. Kisha chomeka mtaimbo chini ya tairi na uliinue: boljointi iliyolika itaonekana ikipanda ndani ya kikombe chake. Mwisho, shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo hutoka kwenye tairodi na viungo vya usukani.

Mpira unaoifunika boljointi uangaliwe kwa jicho la pekee. Ukipasuka, grisi hutoka, mchanga na maji huingia, na kuanzia hapo kikombe husagwa kama unga. Pale penye nipeli, ifute kwanza kwa kitambaa, ndipo upige grisi polepole mpaka uone ile ya zamani ikitoka. Ukipiga kwa pupa utaupasua mpira wenyewe. Baadhi ya viungo vina kizibo mahali pa nipeli, na watu huvipita miaka mingi wakidhani havihitaji kitu. Kitabu cha gari hutaja kilomita za kutia grisi, lakini barabara ya vumbi na vivuko vya mito hudai zaidi ya kitabu.

Boljointi mbovu haitengenezwi, hubadilishwa. Kazi hiyo tunaiacha kwa fundi, ila tunataka kila mwalimu aelewe hatari yake. Chuma cha msokoto kimehifadhi nguvu inayotosha kunyanyua pua ya gari. Anayeifungua boljointi ya chini bila kukilegeza chuma kwanza, au bila jeki imara kuushikilia mkono, anaifungua nguvu hiyo yote kwa mpigo mmoja, na mkono wa chini hautachagua wa kumpiga.

Kurekebisha kimo

Kadiri miaka inavyopita chuma cha msokoto hulegea kidogo na pua ya gari hushuka, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine. Ile bolti ndefu ya nyuma imewekwa kwa ajili hiyo. Lakini kabla ya kuigusa, gari liwe tupu, juu ya sakafu sawa, upepo wa matairi ukiwa kama kitabu kisemavyo, na viungo vyote vibovu vimekwisha kubadilishwa. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Kwa nini tunaanzia kwenye habu badala ya ardhini, tutaeleza mwishoni.

Weka alama ya rangi kwenye bolti na nati ili uweze kurudi ulikotoka. Nyanyua chasisi mpaka magurudumu yaning'inie, kwa maana kukaza nati hali uzito wote uko juu yake huharibu uzi wa bolti. Tia mafuta. Legeza nati ya kufungia, zungusha ile ya kurekebishia mara moja au mbili, andika, teremsha gari. Usipime papo hapo: magurudumu yaliyoshuka kutoka hewani yamejibana kwa ndani, na gari bado limesimama juu kwa hila. Lisukume mbele na nyuma mita chache, lirushe mara kadhaa, ndipo upime. Kumbuka pia kwamba kona ya kushoto ikipanda, ya kulia nayo huathirika. Kwa hiyo hatua ndogo ndogo kwa zamu huleta usawa haraka kuliko kishindo kimoja.

Hapa ndipo tunapolazimika kuipinga imani iliyoenea. Madereva wengi, na mafundi wasio wachache, hukaza bolti hii wakiamini kwamba gari litakuwa gumu na kubeba zaidi. Turudi kwenye spoku. Je, kwa kukaza bolti tumekinenepesha chuma? Tumekifupisha? Hapana. Tumekigeuza tu mahali kinapoanzia, kama mtu anayekaa kwenye kiti kilichoinuliwa bila kuongezeka kimo. Gari husimama juu zaidi, lakini kilo ile ile hulishusha milimita zile zile. Hasara ni kwamba mikono huinama sana kuelekea chini, boljointi hufanya kazi ikiwa imepinda, na gurudumu halibakiwi na nafasi ya kushukia kwenye shimo. Ndiyo maana pikapu iliyoinuliwa kupita kiasi hugonga kila inapovuka tuta. Jambo jingine: vyuma viwili hivi visibadilishane upande. Kila kimoja kilikwisha kuzoezwa kiwandani kusokotwa upande wake, na huwekwa alama ya kushoto au kulia.

Mwelekeo wa magurudumu

Kimo kikibadilika, mwelekeo wa magurudumu hubadilika pia. Kwa hiyo upimaji wake huja mwisho daima. Mwinamo wa gurudumu na mlalo wa nguzo hurekebishwa kwa vibati vyembamba kwenye mkono wa juu, na kazi hiyo yahitaji vipimo vya gereji. Lakini jambo moja laweza kupimwa uani kwa ufito, nalo ni kama magurudumu mawili yanaelekeana sawasawa. Kwa gari la namna hii, umbali baina ya matairi upande wa mbele hutakiwa uwe mdogo kuliko upande wa nyuma kwa milimita chache tu, kama kitabu cha gari kielezavyo.

Weka alama ya chaki katikati ya uso wa kila tairi, upande wa nyuma, kwa kimo cha habu. Pima umbali baina ya alama hizo. Kisha lisukume gari mbele mpaka alama zile zile ziwe upande wa mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Kwa kuwa umetumia alama zile zile, tairi lililopinda kidogo halitakudanganya. Kama rekebisho linahitajika, legeza vibano vya tairodi na uzizungushe zote mbili kiasi sawa. Ukizungusha moja tu, usukani utakaa upande gari linapokwenda mbele.

Je, milimita chache zina uzito gani? Hili tuliwapa wanafunzi wa darasa la saba liwe hesabu. Tuseme tofauti ya mbele na nyuma ni milimita 10, na kipenyo cha tairi ni sentimita 60. Kila gurudumu basi limekosea milimita 5 katika 600, yaani sehemu moja kwa 120. Katika kila kilomita moja, tairi hulazimishwa kwenda kando mita 1,000 gawanya kwa 120, takribani mita 8.3. Katika kilomita 100 ni mita 833. Tulilichora jambo hilo uwanjani, hatua nane kubwa za kuburuta mguu kando kwa kila kilomita, na hakuna mwanafunzi aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini tairi la pikapu yetu lilikwisha.

Hesabu ya pili ilitoka kwenye nati. Ikiwa uzi wa bolti husogea milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, na spana ina urefu wa sentimita 25, mkono wa fundi husafiri sentimita 157 ili nati isogee milimita hiyo moja na nusu. Mkono umekwenda zaidi ya mara 1,000 ya nati. Sehemu kubwa ya faida hiyo humezwa na msuguano, na ndiyo maana tulitia mafuta. Vitabu hutaja skrubu kuwa mashine rahisi na kuendelea na ukurasa unaofuata. Hapa mtoto ameona mtu mmoja akiinyanyua pua ya gari kwa mkono mmoja.

Darasani na uani

Somo letu la kwanza uani lilishindwa, na yafaa mwenye kujifunza ualimu aambiwe hivyo. Tuliwapeleka wanafunzi 43 wa darasa la sita wakati mmoja. Walioona walikuwa kumi. Wengine waliona migongo. Wavulana walijaa mbele na wasichana wakabaki wakishika madaftari ya wenzao. Kibaya zaidi, wakati tukieleza, mtoto mmoja alikuwa amekwisha kutambaa chini ya gari upande wa pili. Tulisimamisha somo palepale.

Tangu hapo tunafanya hivi. Gari linabaki magurudumu yote chini muda wote ambao watoto wapo uani. Unyanyuaji hufanywa na dereva au fundi wakati watoto wako darasani, na wao hupewa vile vilivyofunguliwa: boljointi ya zamani, bushi iliyolika, tairi bovu. Boljointi iliyokufa, ikioshwa kwa mafuta ya taa na kukatwa ubavuni kwa msumeno, ni zana ya kufundishia isiyo na bei. Darasa hugawanywa katika makundi yanayozunguka vituo: spoku, kadi za mikono miwili, ufito wa kupimia, tairi la kusoma kwa kiganja. Kila kundi lina mpimaji na mwandishi, na nafasi hizo hubadilishwa kituo kwa kituo, ili ufito usibaki mikononi mwa yule mwenye sauti kubwa.

Baadhi ya wakufunzi wenzetu walituuliza kama tunataka kugeuza shule za msingi kuwa gereji. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, mara nyingi ilieleweka kuwa jembe na shamba peke yake, na gari lilionekana kuwa kitu cha watu wa mbali. Jibu letu lilikuwa kwamba hatumfundishi mtoto kutengeneza gari. Tunamfundisha kupima, kukisia, na kutoamini neno “kaza” mpaka aulize limekaza nini. Kama shule haina gari karibu, baiskeli na mkokoteni vina viungo vya kutosha.

Kuhusu istilahi, tulibishana siku nyingi. Wengine walitaka maneno mapya kwa kila kifaa. Sisi tuliona afadhali mtoto aseme boljointi, kama asemavyo mjomba wake gerejini, kisha aeleze kwa Kiswahili chake mwenyewe kwamba ni tufe ndani ya kikombe. Neno la gereji humfungulia mlango wa gereji, na maelezo yake humwonyesha mwalimu kama ameelewa.

Dereva wetu ndiye aliyefundisha sehemu kubwa ya yaliyoandikwa hapa. Tulimwomba radhi mbele ya wanachuo kwa ajili ya ile siku ya kivuko. Alicheka, akasema turudi kazini kwa kuwa jua linapanda.

Baada ya matengenezo tuliliweka daftari la vipimo, nalo lilikabidhiwa darasa la sita. Kila Jumatatu wanafunzi wawili walipima kimo cha kulia na cha kushoto, wakati huo kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi, kama tulivyokuwa tumewafundisha. Wiki ya tatu upande wa kushoto ulionekana umeshuka milimita 9. Tulikwisha kuanza kutafuta spana, tukiamini kwamba nati imelegea au bushi mpya zimekaa vibaya. Mwandishi wa wiki ile, msichana asiyesema sana, alisoma safu zake tena, kisha akauliza kama kuna mtu aliyepima upepo. Hapakuwa na mtu. Tairi la kushoto lilikuwa na mwiba. Tangu wiki hiyo kipimo kinaanzia katikati ya habu, na daftari lina safu ya pili ya upepo, aliyoipigia mistari mwenyewe kwa kalamu nyekundu.